Sentensi Ndogo Chini ya Neno

Fungua kamusi utafute neno "kata". Ukiambiwa tu kwamba ni kutenganisha kitu kwa chombo chenye makali, umeelewa nini? Mtu amekata tiketi, mwenzake amekata tamaa, wa tatu amekata kiu kwa maji ya dafu. Hakuna aliyeshika kisu! Hapo ndipo sentensi ya mfano inapofanya kazi ambayo fasili peke yake haiiwezi.

Samuel Johnson alilijua hilo. Kamusi yake ya Kiingereza ilitoka London mwaka 1755, juzuu mbili kubwa, na ndani yake mna dondoo zaidi ya 100,000. Alizitoa wapi? Vitabuni, hasa kwa waandishi kama Shakespeare, Milton na Dryden. Yaani neno lilitolewa ushahidi na mtu mwenye jina. Muuza samaki wa London, aliyetumia maneno hayohayo kila asubuhi, hakuitwa kusema chochote.

Sasa twende Mombasa. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika huko mwaka 1844, na miezi michache baadaye akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Akabaki, akaendelea kujifunza lugha. Tungo za Kiswahili zilikuwepo, tena nzuri, zimeandikwa kwa hati za Kiarabu. Lakini vitabu vilivyopigwa chapa, vya kunukuu ukurasa kwa ukurasa kama alivyofanya Johnson, hakuwa navyo. Maneno ya kila siku ilibidi ayasikilize kwa watu.

Kamusi yake ilitoka London mwaka 1882, yeye mwenyewe ameshafariki mwaka uliotangulia. Imejaa sentensi za Kimvita. Waliozisema kwa kawaida hawatajwi, na hilo ni deni ambalo hatutaweza kulilipa. Hata hivyo, sauti zao zimebaki. Na zimebaki kwa faida yetu, kwa sababu kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilijenga Kiswahili sanifu juu ya Kiunguja, na Kimvita kikasogezwa pembeni.

Kuna jambo moja hapa tunalisahau. Fasili ni maoni ya mtunga kamusi, na mgeni anaweza kukosea maana ya neno. Lakini kama ameandika sentensi jinsi alivyoisikia, ametuachia shahidi anayeweza kumkosoa yeye mwenyewe. Msomaji wa leo anayekijua Kimvita ataisoma sentensi ile na kusema: hapana bwana, hapa neno hili lina maana nyingine. Sentensi iliyobuniwa mezani ili kujaza nafasi, ya aina ya "Juma ana kitabu", haina uwezo huo. Inakubaliana na aliyeitunga, basi.

Kwa hiyo siku nyingine ukifungua kamusi, usiikimbilie fasili. Anza na mfano, kisha ujiulize: huyu anayesema hapa ni nani?