Pumzi ya Kwanza katika Mrima wa Tanga

Katika Mrima wa kaskazini, tangu Moa hadi Pangani, kumzindua mtoto aliyezaliwa amechoka, asiyelia wala kuvuta pumzi, ilikuwa kazi ya mkono wa mkunga dahari nyingi kabla ya kuwa kazi ya chombo. Mkunga alimfuta, akamsugua mgongo, akampangusa kinywa kwa kidole. Na mtoto alipolia ndipo alipopelekwa kwa mzee wa kumwadhinia katika sikio la kulia na kumkimia katika la kushoto. Sioni insafu kuwadharau wanawake wale, maana kukausha na kusugua ndiko kunakoanza hata leo hospitalini, na watoto wengi waliochoka huzinduka kwa hayo tu.

Wajerumani walipojenga hospitali ya Bombo juu ya genge linalotazama bahari ya Tanga, na Waingereza wa misheni ya UMCA walipotibu wagonjwa Magila, karibu na Muheza, elimu ya Ulaya yenyewe haikuwa imemzidi mkunga kwa kitu kikubwa. Bernhard Schultze, tabibu mashuhuri wa Jena, alikuwa amewafundisha wenziwe kumshika mtoto mabegani na kumpunga hewani juu na chini ili kifua chake kibanwe na kupanuka, na ada hiyo ilidumu miaka mingi. Baadaye ulikuja mpira wa kupitishwa kooni, uliofikisha hewa mapafuni kwa hakika, lakini ulitaka taa ya kumulikia koo na jicho la daktari aliyezoea. Na usiku wa manane, katika chumba cha kujifungulia, daktari huyo aghalabu hayupo.

Faraja ilitoka Denmark. Mwaka 1952 ugonjwa wa polio ulienea Copenhagen, na wanafunzi wa utabibu walikesha wakiminya mifuko ya hewa kwa mikono ili wagonjwa waishi. Mifuko ile ilitegemea mitungi ya gesi. Hata mwaka 1956 mhandisi Holger Hesse na daktari Henning Ruben wakatoa mfuko unaojijaza wenyewe kwa hewa ya kawaida, ule ambao wauguzi wetu huuita ambu. Kwa hospitali isiyo na mtungi wa oksijeni wala umeme wa kutumainiwa, sijui neema nyingine ya tiba ya uzazi iliyokuja kwa umbo sahali kama hilo.

Ila ambu hutaka mkono uliofunzwa. Barakoa isiyokaa sawasawa usoni hupoteza hewa kama tanga lililotoboka lipotezavyo upepo, na kichwa kikiinamishwa au kikikunjwa nyuma mno, njia ya hewa huziba. Mwaka 2009 Tanzania ilianza katika hospitali 8 mafunzo ya kumsaidia mtoto apumue ndani ya dakika yake ya kwanza, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Hata hivyo katika hospitali ya Haydom, huko bara, ilidhihirika kwamba mafunzo ya siku moja yalizidisha maarifa bila kubadili matendo. Wakunga walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa mwanasesere, palepale wodini, ndipo vifo vilipopungua.

Sasa ipo barakoa ya koo, aliyoibuni Archie Brain, daktari wa usingizi, mjini London mwaka 1981. Hukaa juu ya mlango wa koromeo, wala anayeitia hahitaji kuchungulia ndani. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, ililinganishwa na barakoa ya uso kwa watoto 1,163, na mwaka 2020 ikatangazwa kwamba waliokufa mapema au kudhurika ubongo walikuwa asilimia 27.4 kwa barakoa ya koo na 24.4 kwa ile ya uso, tofauti isiyothibitisha ubora wa yoyote. Wako waliovunjika moyo kwa khabari hiyo. Mimi naiona kubwa, kwani waliozitia barakoa hizo, na kuzitia kwa salama, walikuwa wakunga, kazi ambayo mpira wa kooni uliwanyima. Lakini chombo hicho kina gharama, na jaribio lile lilihusu watoto waliotimiza au waliokaribia kutimiza miezi yao, wa kilo 2 hivi au zaidi; walio wadogo kuliko hao, ambao ndio wepesi zaidi kuchoka, bado hutegemea ambu, barakoa ya uso, na mkunga aliyefanya mazoezi wiki hiyohiyo.