Mraba wa waifai ulitoka wapi?

Mmeuona ule mraba wa madoa meusi unaobandikwa mezani mikahawani ili mgeni aingie kwenye waifai bila kuuliza neno la siri? Wengi hudhani unalificha neno hilo. La hasha!

Mraba wenyewe, yaani QR, ulizaliwa Japani mwaka wa 1994. Masahiro Hara na wenzake katika Denso, watengenezaji wa vipuri vya magari, walikuwa wakihangaika na msimbopau uliobeba herufi 20 hivi tu. QR hubeba tarakimu hadi 7,089. Vile visanduku vitatu vya pembeni si mapambo: walipekua magazeti na vijikaratasi vya matangazo wakitafuta uwiano wa weusi na weupe unaopatikana kwa nadra sana, wakapata 1:1:3:1:1, ili mashine isichanganyikiwe. Hapo nawapa heko. Zaidi ya hayo, kampuni iliwaachia watu waitumie bila malipo.

Waifai nayo ilikuwa na shida zake. Ulinzi wa WEP ulivunjwa mwaka wa 2001. WPA na WPA2 zilizofuata zikadai neno la siri la herufi 8 hadi 63, na mgeni akaanza kuuliza, "hiyo ni sifuri au ni O?" Ikaletwa WPS yenye PIN ya tarakimu 8. Mwishoni mwa 2011 Stefan Viehböck akaonyesha kuwa ruta huithibitisha PIN hiyo nusu nusu, kwa hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuibahatisha. Kichekesho!

Suluhisho likatoka kwa waundaji wa ZXing, programu huria ya kusoma misimbo. Waliandika mstari mmoja tu:

WIFI:T:WPA;S:Sebuleni;P:karibu2chai;;

T ni aina ya ulinzi, S ni jina la mtandao, P ni neno la siri, peupe kabisa. iPhone zilianza kuusoma kwa kamera mwaka wa 2017 (iOS 11), na Android 10 ya 2019 ikakuwezesha kuutoa kwenye simu yako mwenyewe.

Kwa hivyo aliyeupiga picha mraba wako amebeba neno lako la siri, hata akimtumia jirani. Kama kompyuta ya mauzo iko kwenye mtandao huohuo, bandua karatasi hiyo leo. Fungua mtandao wa wageni kwenye ruta, uupe neno lake la siri, kisha chapisha mraba wa huo.