Uvira Tuko Wangapi? Ile Sura ya Kwanza ya TFC Zetu



Kila mtu aliyemaliza masomo hapa Uvira anaijua ile sura. Iko mwanzoni mwa TFC, kabla ya kazi yenyewe: mahali mji ulipo, historia yake, hesabu ya wakaaji wake. Tunaiandikaga usiku mmoja, na mara nyingi tunaikopi kwa TFC ya mkubwa aliyetutangulia, ambaye naye aliikopi kwa mwingine. Mimi pia nilifanya hivyo, nisijitakase.

Juzi binamu yangu anayekaa Jeffersontown, kamji kalicho pembeni ya Louisville kule Kentucky, Marekani, alinitumia kwa simu maelezo ya kamji kake. Wakaaji ni zaidi ya 25,000 tu. Lakini wanajua kwamba mwaka 1797 mtu mmoja, Abraham Bruner, aliomba mahakama kipande cha shamba lake kifanywe mji, na watu wakauita Brunerstown. Wanajua idadi yao mpaka mtu wa mwisho, kwa sababu Marekani inahesabu watu kila miaka 10 tangu 1790. Binamu akaniuliza: "Na Uvira je, muko wangapi sasa?"

Nikafungua TFC yangu. Nilipoiona ile namba nikasikia haya, maana nakumbuka vizuri nilivyoipata. Ofisi moja ilinipa hesabu yake. Ofisi ya pili, siku hiyohiyo, ikanipa nyingine, na tofauti kati ya hizo mbili ilikuwa kubwa kama mji mwingine mzima. Nikachagua ile iliyokuwa na muhuri.

Basi niiandike ile sura upya, safari hii polepole.

Uvira uko kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Nyuma yetu ni milima ya Mitumba, mbele yetu ni maji. Kwa hiyo mji haukuweza kupanuka, ulirefuka tu: kuanzia Kavimvira karibu na mpaka wa Burundi mpaka bandari ya Kalundu, barabara moja kubwa, na makartie yanayopanda mlimani upande huu na kushuka mpaka kwenye mchanga upande ule. Usiku tunaona taa za Bujumbura. Mito ya Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge inateremka kutoka juu na kupita katikati ya nyumba za watu. Wakati wa kiangazi mtoto anaivuka kwa miguu. Nitarudi kwenye mito hiyo.

Historia sasa. Aprili 1858 Waingereza Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi, wakitokea upande wa Ujiji. Walikuwa wanatafuta chanzo cha Nile, na swali lao lilikuwa moja: Ruzizi inatoka ziwani au inaingia ziwani? Watoto wa mwami wa hapa wakawaambia inaingia. Wale wawili hawakufika mdomoni kwake, wakarudi. Huko Ulaya ubishi ukaendelea mpaka Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipokwenda wakaona kwa macho yao kwamba inaingia. Miaka 13! Jibu lilikuwa limeshatolewa na vijana wa Uvira, ila mahojiano na wenyeji hayakuhesabiwa kuwa utafiti.

Burton aliandika pia kwamba hapa ndipo palikuwa mwisho wa kaskazini wa wafanyabiashara kutoka pwani. Biashara yenyewe ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watumwa. Kiswahili tunachoongea sokoni Mulongwe kilikuja kwa njia hiyohiyo. Sijaona TFC hata moja iliyosema hivyo.

Mwaka 1910 Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walikaa Brussels wakapanga mipaka, na Ruzizi ikawa mpaka. Familia zilizokuwa pande mbili za mto mmoja zikawa za makoloni mawili. Wabelgiji walijenga baadaye reli kutoka Kalundu kuelekea Kamanyola. Leo reli hiyo haipo.

Sasa tufike kwenye watu. Teritwari ya Uvira ina sheferi tatu: Bavira, Bafuliiru na Bonde la Ruzizi. Mjini utakuta pia Babembe, Barundi, Banyamulenge, Bashi, Barega na wengine. Mpaka hapo hakuna tatizo. Tatizo linaanza ukiulizwa: wangapi?

Sensa ya mwisho ya nchi yetu nzima ilifanyika mwaka 1984. Aliyezaliwa mwaka ule leo amepita miaka 40. Tangu hapo namba nyingi tunazoziona ni zile za zamani, zimeongezewa asilimia fulani kila mwaka, kama mtu anayepiga hesabu ya faida. Zoni za afya zina namba zao, utawala una zake, wanaogawa vyandarua wana zao pia.

Lakini hesabu ya namna hiyo inafaa kwa mahali watu wanapozaliwa na kufa kwa utulivu. Siye tulikuwa hivyo lini? Hata kabla ya sensa ile, Mei 1964, waasi waliuteka mji huu. Baada ya rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, Warundi wengi walikimbilia kwetu. Mwaka 1994 wakafuata Wanyarwanda, na kambi zikajaa kwenye bonde la Ruzizi. Oktoba 1996 vita vikazitawanya kambi hizo, na raia wengi wa mji nao wakatawanyika. Mwaka 1998 vita vingine. Watu wa milimani na wa Fizi wameteremka mjini mara nyingi wakikimbia bunduki, na siyo wote waliorudi. Bukavu ilipoanguka Februari 2025, serikali ya jimbo ikahamia hapa, huku wakaaji wengi wakivuka kwenda Burundi. Desemba ya mwaka huohuo vita vikaingia mjini penyewe. Ni asilimia gani ya ongezeko inayoweza kufuata mambo hayo?

Na siyo swali la wasomi tu. Mwaka 2015 ulitoka utafiti juu ya kipindupindu hapa Uvira. Watafiti walilinganisha siku maji ya robine yalipokatika na watu walioingia kituo cha kipindupindu. Waliona kwamba karibu robo ya wagonjwa ilihusiana na kukatika huko. Sasa, kutengeneza maji ya kutosha unahitaji kujua yanatosha kwa nani. Chanjo vilevile. Mtu akikuambia "tumechanja nusu ya mji", muulize: nusu ya ngapi?

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 Mulongwe, ule mto wa kuvukwa na mtoto, ulijaa ukabeba nyumba. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba ziliharibika. Ziwa nalo likapanda, likaingia makartie ya chini. Baada ya hapo kila mtu alihitaji liste: ya wafu, ya waliopoteza nyumba, ya watakaopewa turubai. Zilitengenezwa haraka, katikati ya matope.

Baada ya simu ya binamu nilikwenda kwa shefu wa avenyu moja karibu na mto. Muzee alinipokea vizuri, akanionyesha daftari lake, la mraba mraba, jalada limeliwa na unyevu. Nikasoma majina. Nyumba kadhaa zilizokuwamo nilijua zilibebwa na maji 2020. Pale sasa ni mawe na mchanga. Na wapangaji waliofika mwaka uliopita kutoka milimani, wanaojaza nyumba ya jirani yake, sikuwaona.

Nikamuuliza: "Baba, hawa waliobebwa na maji mbona bado wamo?"

Akafunga daftari taratibu. "Mwanangu, parsele ni zao. Nikiwafuta, kesho mtu atakuja kuniambia hapa hapakuwa na mtu."

Binamu bado anangoja jibu.