Taa ya Upepo wa Tairi: Ilitoka Wapi?

Kila baridi inapoanza kuuma huku ughaibuni, wengi wetu huwasha gari asubuhi na kuikuta ile taa ya manjano kwenye dashibodi, yenye umbo la tairi lililokatwa na alama ya mshangao katikati. Swali tunaloulizana ni moja: inazimwaje? Jibu tutalitoa, lakini tuanze na historia yake, kwa sababu taa hii ililetwa na vifo vya watu, na sehemu ya mkasa huo ilitokea Ghuba, kwenye barabara ambazo ndugu zetu wengi wanaendesha kila siku.

Ufundi wenyewe si mgeni. Katikati ya miaka ya 1980 gari la kifahari la Porsche 959 lilikuwa na mfumo wa kupima upepo wa matairi. Kwa miaka mingi, hata hivyo, kilibaki kitu cha matajiri. Dereva wa kawaida alipiga tairi teke, akalitazama kwa jicho, akaondoka zake.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, magari ya Ford Explorer yaliyofungwa matairi ya Firestone yalianza kupata ajali za namna moja. Gari likiwa kwenye mwendo mkali, tena wakati wa joto, tabaka la nje la tairi, lile lenye kashata, lilibanduka. Gari likayumba na kupinduka. Agosti 1999 kampuni ya Ford ilianza kubadilisha matairi hayo kwenye magari yaliyouzwa Saudi Arabia na nchi jirani za Ghuba. Maelezo yaliyotolewa yaliegemea matumizi: kwamba madereva hupunguza upepo ili wapite mchangani, kisha hurudi barabara kuu na kukimbia bila kujaza tena. Mapema mwaka 2000 ikafuata Malaysia na Thailand, na mwezi Mei Venezuela.

Wakati wote huo Mmarekani mwenye gari lile lile hakuambiwa kitu. Sheria ya Marekani haikuilazimisha kampuni kuieleza serikali hatua ilizochukua katika nchi nyingine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ulionekana jangwani, lakini ukachukuliwa kuwa ni wa jangwani tu.

Februari 2000 kituo kimoja cha televisheni cha Houston, Texas, kilitangaza habari za ajali hizo, na malalamiko yakamiminika serikalini. Tarehe 9 Agosti 2000 Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi yapatayo milioni 6.5. Vifo vilivyohusishwa na matairi hayo nchini Marekani vilipita 200. Kampuni zile mbili, zilizofanya biashara pamoja kwa karibu miaka 100, zikaanza kunyosheana vidole. Ford ilikuwa imeelekeza matairi yajazwe pauni 26 kwa inchi ya mraba, na Firestone ikasema ilipasa kuwa 30. Mwaka 2001 wachunguzi wa serikali walikuta kasoro katika matairi yenyewe. Hata hivyo, upepo mdogo hulifanya tairi lolote lijikunje zaidi na kupata moto, na tairi lenye kasoro huharibika upesi zaidi.

Tarehe 1 Novemba 2000 Rais Clinton alitia saini sheria iitwayo TREAD. Mambo yake mawili yanatuhusu. La kwanza, kampuni lazima iiarifu serikali ya Marekani inaporudisha magari au matairi kwa sababu za usalama katika nchi nyingine. Kwa maneno mengine, ajali ya Riyadh sasa inahesabika Washington. La pili ni taa yetu hii. Watengenezaji walitaka mfumo wa bei nafuu usioweza kugundua matairi yote yakipungua kwa pamoja; kanuni ya mwaka 2002 ikawaruhusu, na mwaka 2003 mahakama ikaitengua. Kanuni mpya ilitolewa mwaka 2005, na kuanzia Septemba 2007 kila gari dogo jipya Marekani lilipaswa kuwa na taa. Ulaya ilifuata: kuanzia Novemba 2014 kila gari dogo jipya lililouzwa huko lilipaswa kuwa nayo.

Sasa turudi kwenye swali letu. Iko mifumo miwili. Mmoja una kipimo chenye betri ndani ya kila gurudumu, kinachopeleka habari kwa redio. Mwingine hauna kipimo cha upepo. Unahesabu mizunguko ya magurudumu kupitia vifaa vya breki za ABS, kwani tairi lililopungua upepo huwa dogo kidogo na huzunguka haraka kuliko wenzake. Mfumo huu wa pili ndio hasa wenye kuhitaji kitufe cha kuuanzisha upya. Ukikibonyeza, unaiambia gari: hali ya sasa ndiyo sahihi, ikariri. Ukibonyeza kabla ya kujaza upepo, umeifundisha gari uongo, nayo itanyamaza.

Basi utaratibu ni huu. Pima matairi yakiwa baridi, jaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, kisha ndipo ubonyeze na uendeshe kwa muda. Taa ikipepesa kama dakika moja kisha ikabaki inawaka, mara nyingi mfumo wenyewe una hitilafu, labda betri ya kipimo imekwisha, mwone fundi. Tukumbuke pia kwamba kanuni ya Marekani huitaka taa iwake upepo ukishapungua kwa asilimia 25: tairi la pauni 32 linaweza kushuka hadi 24 kabla ya kuonywa. Kwa hiyo geji ya mkononi bado ina kazi, mara moja kwa mwezi.

Na ndugu zetu wa Muscat na Dubai mnaopunguza upepo kwenda mchangani siku za mapumziko: jazeni kabla ya kurudi barabara kuu. Sheria hii iliandikwa baada ya watu kufa, na wengine walifia huko huko mliko.