Safari ya Fort Portal: panga kurudi kabla ya kuondoka

Wakazi wengi wa Rwamwanja na Kyaka II huenda Fort Portal kwa sababu mbalimbali. Kuna mgonjwa aliyepewa rufaa, mzazi anayempeleka mtoto shule, na mama anayefuata mitumba ili aje kuuza sokoni kwetu. Fort Portal, iliyopewa hadhi ya jiji Julai 2020, iko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, chini ya milima ya Rwenzori. Kilele cha milima hiyo, Margherita, kina urefu wa mita 5,109.

Kwenda huwa rahisi, kwa sababu ni asubuhi, pesa ipo mfukoni na magari ni mengi. Shida huja wakati wa kurudi. Foleni ya hospitali imechelewa, mvua imeshuka kutoka mlimani, pesa imeisha na giza limeingia. Kwa hiyo makala hii inaanza na safari ya kurudi.

Saa ya kurudi

Kabla ya kuondoka, jiulize: gari la mwisho la kunirudisha linaondoka saa ngapi? Muulize dereva au kondakta asubuhi ileile unaposhuka. Kisha hesabu kurudi nyuma. Ukitoka Kyaka II, utapita barabara kuu ya Kampala–Fort Portal, na kutoka Kyenjojo peke yake ni kama kilomita 50. Ukitoka Rwamwanja, utafuata njia za ndani hadi kwenye lami inayounganisha Kamwenge na Fort Portal, barabara yenye urefu wa kilomita 66 hivi. Ukishuka kwenye lami bado una safari ya boda hadi zoni yako. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye giza na isiyo na watu.

Weka saa yako ya mwisho, kwa mfano saa nane mchana, na uiheshimu. Kama shughuli haijaisha saa hiyo, amua mapema: ama unarudi na kuja siku nyingine, ama unalala. Kutafuta mahali pa kulala saa kumi jioni ni afadhali sana kuliko saa tatu usiku.

Nauli ya kurudi itenge kabla ya kutumia chochote. Ifunge mahali pake, au iache kwenye simu na uitoe kwa wakala wakati wa kurudi. Usiiguse hata kama umeona bei nzuri sokoni Mpanga.

Karatasi za kubeba

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea ndani ya nchi, chini ya masharti yanayowekwa na serikali. Haki hiyo unaionyesha kwa hati zako:

- Kadi yako ya mkimbizi. Kama bado hujapata kadi, beba karatasi ya familia.
- Nakala ya karatasi ya familia ikiwa unasafiri na mtoto. Kama mtoto si wako wa kuzaa, beba pia barua ya mwenyekiti wa eneo lako.
- Barua ya rufaa na kitabu cha matibabu ikiwa unakwenda hospitali.
- Namba tatu za simu zilizoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu simu inaweza kuzimika au kuibiwa.

Kwa safari ya siku kadhaa, pita kwanza ofisi ya OPM kwenye makazi yako uulize kama unahitaji barua ya safari. Angalia pia kalenda: je, siku hizo hakuna mgao wa chakula au pesa, au zoezi la kuhakiki majina? Ukikosa zoezi kama hilo, unaweza kutumia muda mrefu kurekebisha.

Ukipoteza kadi njiani, toa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu, pokea barua yao, kisha uipeleke OPM. Kataa mtu yeyote anayejitolea kukutengenezea kadi mjini kwa pesa.

Ukienda hospitali

Hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo wenyeji huiita Buhinga, ni ya serikali. Anzia kituo cha afya cha makazi. Wahudumu wakiona hali yako inahitaji rufaa, watakuandikia barua na kukueleza kuhusu usafiri. Mtu anayekwenda mwenyewe bila barua mara nyingi hujikuta akilipia vipimo mahali pengine, na pesa ya kurudi inaishia hapo.

Nenda na mtu mmoja wa kukusaidia, hasa kama wewe ni mjamzito au unampeleka mtoto. Hospitalini utasikia zaidi Kiingereza na Kirutooro. Kama huzielewi lugha hizo, uliza mapema kituo cha afya kama kuna mkalimani. Mwambie muuguzi wazi: "Natoka makazi ya wakimbizi, gari langu la mwisho linaondoka saa fulani." Si kukosa adabu, inamsaidia kukupangia.

Beba nguo nzito na blanketi la mtoto. Usiku wa Fort Portal una baridi kuliko wengi wetu tulivyozoea, na wodi hazina blanketi za ziada kwa wasindikizaji.

Mvua na barabara

Misimu ya mvua kubwa ni Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba. Karibu na milima, asubuhi inaweza kuwa na jua na alasiri ikawa mvua nzito. Njia za vumbi hugeuka tope, boda huteleza, na vijito vidogo hujaa kwa dakika chache.

Maji yanaweza kuja hata kama ulipo hakujanyesha, kwa sababu mvua imenyesha juu mlimani. Wakazi wa Kasese wanalijua hilo: mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, na tena Mei 2020, ukaharibu nyumba na hospitali ya Kilembe. Usivuke daraja lililofunikwa na maji, kwa miguu wala kwa pikipiki. Kama dereva anataka kujaribu, shuka. Barabara ya kwenda Bundibugyo inapita kwenye miteremko mikali, na wakati wa mvua udongo huporomoka. Ahirisha safari hiyo kama mvua imenyesha usiku kucha.

Kwenye boda, kubalianeni bei kabla ya kupanda, vaa kofia ngumu, na mpande abiria mmoja tu. Mama mwenye mtoto mgongoni asikubali kubanwa na abiria wa tatu.

Barabara ya Kamwenge inapita msitu wa Kibale. Tembo na nyani huvuka. Usimwambie dereva asimame msituni ili ujisaidie au upige picha, na usiwarushie nyani chakula.

Mlima, maziwa na mpaka

Vijana wengi wangependa kuuona mlima kwa karibu. Hifadhi ya Rwenzori iko chini ya mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, na kupanda kunahitaji kibali na waongozaji. Juu kuna barafu, na watu wenye nguvu wamekufa kwa baridi milimani. Maziwa ya kreta yanayozunguka jiji yanaonekana matulivu, lakini kingo zake huzama ghafla. Usiogelee, hata kama unajua kuogelea.

Njia za miguu za mlimani hazina ukuta kati ya Uganda na Kongo. Mkimbizi anayetoka Uganda anahitaji hati ya safari ya wakimbizi, na kurudi nchi uliyokimbia kunaweza kuathiri hadhi yako. Zaidi ya hayo, usalama mpakani hubadilika. Juni 2023 waasi walishambulia shule ya Lhubiriha huko Mpondwe, wilaya ya Kasese. Kabla ya kwenda Kasese, Bundibugyo au Ntoroko, uliza polisi au viongozi wako hali ikoje wiki hiyo.

Kuishi vizuri na wenyeji

Watooro huthamini salamu. Asubuhi sema "Oraire ota?", alasiri "Osiibire ota?", na jibu ni "Kurungi". Mtu akikuuliza empaako yako, anauliza jina la heshima kama Amooti, Akiiki au Abwooli. Kama huna, sema tu kuwa wewe ni mgeni. Wengine watakupa jina palepale. Anayesalimia vizuri huonyeshwa njia na kuambiwa bei halisi.

Jihadhari na mtu mwenye maneno matamu anayesema anaweza kukuingiza kwenye orodha ya kuhamishiwa Marekani, Kanada au Ulaya. Huduma zote za UNHCR na washirika wake ni za bure, pamoja na hiyo ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Anayedai pesa, au anayemtaka binti yako "aje kuzungumza" kwenye loji, ni mhalifu. Toa taarifa.

Namba za kuandika leo

- Polisi: 999 au 112
- Simu ya bure ya wakimbizi Uganda: 0800 32 32 32
- Jirani mmoja anayejua unakwenda wapi na utarudi saa ngapi

Huyo jirani ni muhimu kama namba za juu. Mwambie: "Nisipofika saa moja jioni, nipigie. Nisipopatikana, mwambie mwenyekiti." Naye akisafiri, mfanyie vivyo hivyo.