Akina Mama wa Nashville

Kati ya 1945 na 1947, katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville, Marekani, wajawazito zaidi ya 800 walinyweshwa madini ya chuma yenye kutoa mionzi. Waganga walitaka kujua jinsi chuma kinavyotoka katika chakula na kuingia damuni mwa mama na mtoto. Swali lilikuwa jema, lakini akina mama hawakuelezwa walichokunywa. Mwaka 1952 Papa Pius XII alifundisha kwamba mganga hana haki juu ya mgonjwa ila ile aliyopewa naye. Rais Clinton aliomba radhi kwa majaribio ya namna hiyo mwaka 1995. Basi sisi tunaowasindikiza wajawazito hospitalini tusione haya kuuliza: dawa hii ni ya nini, na mama ameikubali?