Nani Humtibu Mtu wa Njiani? Kindu na Historia ya Bima ya Wasafiri

Kindu ni mji uliozaliwa na safari. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wabelgiji walitaka kuunganisha Mto Kongo na maziwa makuu, lakini Lualaba, yaani sehemu ya juu ya mto huo, kwa maporomoko yake, haukubali kupandwa na meli moja kutoka chini hadi juu. Kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902 kwa fedha za Baron Édouard Empain, ikaukata mto vipande vipande: reli ya kilomita 127 kutoka Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, hadi Ponthierville, yaani Ubundu, iliyofunguliwa mwaka 1906, kisha meli hadi Kindu, kisha reli ya kilomita 355 kutoka Kindu hadi Kongolo, iliyokamilika kufikia mwaka 1911, kisha meli tena. Mahali ambapo mzigo ulishushwa melini na kupakiwa kwenye behewa ndipo mji ulipoota, na kwa miaka mingi ukaitwa Kindu-Port-Empain. Tangu hapo sehemu kubwa ya uchumi wake imebebwa na watu wasiolala nyumbani: mabaharia, wafanyakazi wa treni, wapakuzi, wachuuzi wa baleinieri, yaani mashua kubwa za mbao, na wa mitumbwi, wasukuma baiskeli wenye mchele na mafuta ya mawese, na siku hizi vijana wa toleka, yaani teksi za baiskeli, na pikipiki. Mtu wa namna hii anapopatwa na homa mbali na kwao, nani hulipa? Historia ya Maniema, jimbo la Kongo ambalo Kindu ni mji mkuu wake, ina jibu, nalo halijasikilizwa vya kutosha: msafiri amelindwa pale tu ulinzi wenyewe uliposafiri naye. Kila mara ulinzi ulipofungwa kwenye kijiji, mtaa au mpaka wa utawala, yeye ndiye aliyebaki nje.

Tuanze kabla ya reli. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Nyangwe na Kasongo zilikuwa vituo vya mwisho vya njia ndefu iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Manyema, yaani Maniema ya leo. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871. Stanley alikutana na mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kama Tippu Tip, katika nchi hii mwaka 1876. Pembe za ndovu zilitoka huku kwa mabega ya watu, na mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, siku baada ya siku, kwa miezi. Ndui na kuhara damu vilitembea na misafara hiyo. Kinga ya mpagazi huru, hasa Mnyamwezi, ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni msafara wenyewe: posho, wenzake wa kambi moja, na mganga aliyeandamana nao. Ya pili ni utani. Wengi leo huuchukulia utani kuwa mizaha tu, kumbe njiani ulikuwa mkataba wenye uzito. Mtani alikuwa na haki ya kudai chakula na malazi kwa mtani wake hata kama hawajawahi kuonana, na mtani ndiye aliyekuwa na wajibu wa kumwosha na kumzika mgeni aliyefia ugenini. Mnyamwezi aliyefika pwani hakuwa na ukoo pale, lakini alikuwa na watani, na hiyo ilimtosha asioze kando ya njia kama mzigo uliotupwa.

Msomaji makini atapinga, na ana haki. Misafara ileile iliacha wagonjwa porini. Wengi waliobeba pembe kutoka Manyema hawakuwa wapagazi wa mshahara bali watumwa, na mtumwa aliyeshindwa kutembea hakuwa na mtani wa kumdai chochote. Mauaji ya sokoni Nyangwe, Julai 1871, watu wa wafanyabiashara wa misafara walipowafyatulia risasi watu waliokuja sokoni, yanatosha kumzuia mtu yeyote asiipambe enzi ile. Sitaipamba. Lakini ukatili huo unaonyesha mpaka wa kinga ulipita wapi. Ulipita kati ya aliyekuwa ndani ya mtandao wa njia na aliyekuwa nje yake. Aliye huru, mwenye wenzake na watani, angeweza kuugua Tabora akapona Tabora. Aliyetekwa na kung'olewa katika jamaa zake alikufa palepale alipoangukia. Umbali ulikuwa mmoja kwa wote wawili. Tofauti yao ni kwamba mmoja alikuwa na haki zinazotambuliwa katika kila kituo, na mwingine hakuwa na haki popote. Hata Wamanyema waliofika pwani, wengine kwa hiari na wengine kwa minyororo, walijipanga upya kwa jina la kwao. Msikiti wa Manyema pale Kariakoo, Dar es Salaam, bado unasimama.

Ukoloni ulileta kanuni mbili kwa wakati mmoja, nazo zilivutana. Kanuni ya kwanza ilimfunga mtu mahali. Mwanamume mzima alitembea na kitabu chake cha utambulisho, kijitabu kilichoandikwa kazi alizofanya na kodi aliyolipa. Kuondoka katika eneo lake kwa muda mrefu kulihitaji ruhusa. Na katika nchi zilizokuwa na malale, msafiri alitakiwa kuwa na pasipoti ya kitabibu iliyoonyesha kuwa amepimwa. Kwa macho ya daktari wa serikali, mtu anayetembea alikuwa kwanza kabisa mbeba ugonjwa, na kumzuia kulitangulia kumtibu. Vita Kuu ya Kwanza ikaonyesha mwisho wa fikra hiyo. Jeshi la Wabelgiji, lililoingia Tabora Septemba 1916, lilitegemea wapagazi zaidi ya 250,000 waliokusanywa katika miaka ya vita, na mashariki ya Kongo ilitoa sehemu kubwa ya watu hao. Kuhara damu, kichomi na njaa viliwafyeka. Walikuwa watu wa njiani kwa amri, bila msafara wao wenyewe na bila watani waliochaguliwa na desturi.

Kanuni ya pili ilitoka kwa mwajiri. Dekreti ya Machi 1922 kuhusu mikataba ya kazi ilimwajibisha mwajiri kumhudumia mfanyakazi anapougua. Katika kampuni za mashamba wajibu huo ulikuwa wa mahali pamoja: kambi moja, zahanati moja. CFL ilikuwa kitu tofauti. Kufikia Machi 1915 reli yake ilikuwa imetoka Kabalo hadi Albertville, yaani Kalemie, ikafika ziwani, na kampuni ilikuwa na huduma zake za tiba kwenye vituo vyake vikubwa. Fikiria maana yake kwa mtu wa treni. Mkewe yuko Kindu, yeye yuko kwenye mashine karibu na Kongolo, homa inampanda. Hahitaji kumtafuta shemeji wa kumdhamini, wala kuuza chochote. Jina lake liko kwenye orodha ya kampuni, na orodha hiyo inajulikana katika kituo kinachofuata kama ilivyojulikana katika kituo alichotoka. Kwa mara ya kwanza tangu misafara, kulikuwa na watu wa Maniema ambao matibabu yao yalikuwa na urefu uleule wa safari yao.

Najua lawama inayofuata: CFL haikufanya hivyo kwa huruma. Ni kweli. Mtu mwenye nguvu alihitajika kusukuma mabehewa, na mwenye kuumwa alikuwa hasara. Mpakuzi wa kibarua hakuhesabiwa kama fundi wa karakana, na mchuuzi aliyepanda behewa la mwisho hakuhesabiwa kabisa. Zaidi ya hayo, kinga iliyomtegemea mwajiri mmoja iliweza kufa pamoja na mwajiri huyo, na hilo ndilo lililotokea. Mwaka 1974 reli zote ziliunganishwa katika shirika moja la taifa, ambalo leo ni SNCC. Mishahara ikaanza kucheleweshwa, kisha ikakatika kwa miezi na miezi, na vita vya 1998 hadi 2003 vikaikata njia yenyewe. Kindu ikawa kama kisiwa, imezungukwa, treni haziji, na mchele na chumvi vikarudi mgongoni na kwenye baiskeli. Makosa haya nayakubali yote, na ndiyo maana sisemi turudi kwa baba mwajiri. Nasema tuchukue kitu kimoja ambacho CFL ilikipata, hata kama kwa sababu mbaya: orodha iliyofuata njia.

Baada ya uhuru, fikra za afya zilirudi kwenye ardhi, na hapa Maniema ina nafasi ya heshima. Kuanzia miaka ya 1970, madaktari na wauguzi wa Mradi wa Kasongo, wakishirikiana na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, walionyesha kwamba wilaya maskini inaweza kuwa na vituo vya afya vinavyofanya kazi na hospitali moja inayovisaidia; mwaka 1984 waliandika kwamba huduma ya msingi iliwezekana kwa chini ya dola moja kwa mtu kwa mwaka. Kasongo ilikuwa miongoni mwa mashina ya mfumo wa zoni za afya, uliogawa Zaire nzima, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, katika zoni 306 miaka ya 1980. Mfumo huo umeokoa roho nyingi, na sitamwunga mkono anayeubeza. Ila kizio chake ni wakazi. Kila kituo kina watu wake, wanaohesabiwa kwa kaya na kijiji. Kaskazini-magharibi mwa nchi, Bwamanda ilijenga juu ya msingi huohuo mwaka 1986 ilipoanzisha bima ya hospitali. Wauguzi waliandikisha watu mara moja kwa mwaka, msimu ambao wakulima walikuwa na fedha za mavuno mkononi. Kaya iliingia nzima ili wagonjwa peke yao wasije wakajazana. Na mwanachama aliyelazwa alilipa asilimia 20 tu ya gharama. Katika wiki nne za kwanza zaidi ya robo ya wakazi walijiunga. Ni ushindi mkubwa wa akili ya watu wa kijijini. Lakini kadi ile ilifungua mlango wa hospitali moja, na mvuto wake ulipungua kadiri mtu alivyokaa mbali nayo.

Mutueli za afya, yaani vyama vya kuchangiana gharama za matibabu, zilizofuata nchini, na sheria ya Februari 2017 iliyozipa msingi, zimerithi umbo hilo. Hifadhi ya jamii ya taifa, tangu INSS ya 1961 hadi CNSS ya sasa, imejishughulisha na pensheni, ajali za kazini na posho za familia, si homa ya mchuuzi. Kwa hiyo msukuma baiskeli anayetoka Kindu kwenda Kasongo anapita zoni baada ya zoni, na katika kila moja yeye ni mgeni anayelipa taslimu. Na fedha ni nusu tu ya shida. Katika hospitali zetu mgonjwa hupikiwa, huoshwa na hutafutiwa dawa na ndugu anayekaa kando ya kitanda. Asiye na ndugu hana wa kumchemshia uji. Akishapona na kushindwa kulipa, anaweza kushikiliwa wodini mpaka bili ilipwe, na mara nyingi kinachobaki cha kuweka rehani ni simu, mzigo au baiskeli yenyewe, yaani kazi yake. Mtani wa zamani alifanya mambo haya mawili hasa: alilisha na alidhamini. Mutueli yoyote ya wasafiri isiyofanya yote mawili itakuwa imelipa bili na kumwacha mtu na njaa.

Watu wa bima wana pingamizi zito kuliko zote. Mutueli huishi kwa kujuana, husema. Kijijini jirani anamjua jirani, udanganyifu ni mgumu. Mtu wa njiani leo yuko Ubundu kesho Kibombo, atalipa anapougua na kutoweka anapopona. Hofu hii ina msingi, na Bwamanda iliijibu kwa kuandikisha kaya nzima kwa msimu mmoja. Lakini kosa ni kudhani kwamba watu wa njiani hawajuani. Baleinieri haiondoki Kindu bila mwenye chombo kuwajua mabaharia wake. Vijana wa pikipiki wana vyama na maegesho yao. Wachuuzi wanacheza likilemba, yaani mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, na hakuna anayethubutu kukimbia na zamu ya wenzake, kwa sababu njia ni ileile na watakutana tena. Kizio kinachojuana kipo. Ni chombo, chama na kundi la safari badala ya kaya. Kiandikishwe kizima, kama Bwamanda ilivyoandikisha kaya nzima, na mchango ukatwe wakati wa kupakia, fedha ya safari inapokuwa mkononi. Wengine watasema mpango wa serikali wa afya kwa wote, uliozinduliwa mwaka 2023 kwa kuanza na uzazi wa bure, utayafuta haya yote. Uzazi bure ni jambo la kushangiliwa. Hata hivyo mpango wa taifa nao utashuka kupitia zoni, na kama zoni hazitakubaliana kulipana kwa mgonjwa wa mwenzake, msafiri atabaki mgeni chini ya jina jipya.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wakuu wa afya wa Maniema, kwa SNCC na kwa vyama vya wenye vyombo: mapatano ya kwanza yafanywe kati ya zoni zilizo kando ya Lualaba na kando ya reli, ili kadi iliyopigwa muhuri Kindu ipokelewe Kibombo, Kasongo na Ubundu, na kila hospitali ya njiani iwe na mtu anayelipwa kumpikia na kumdhamini mgeni. Na uandikishaji uanze bandarini na stesheni, kabla ya mitaa ya Kasuku, Mikelenge na Alunguli.